Sakafu ya betri: maana ya kikomo cha kushusha chaji kwenye sola

Msimu wa mnada wa korosho ukifika, huku Tandahimba na Newala paneli mpya zinapanda juu ya mabati kila wiki. Pesa ya korosho huingia kuanzia Oktoba, na mvua zetu za kusini hushika Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo mtu anafunga sola jua likiwa kali, anafurahi, halafu baada ya wiki chache anakutana na mawingu ya siku tatu mfululizo. Hapo ndipo kikomo cha kushusha chaji kinapojulikana, kwa wengine kwa hasara.

Kikomo hicho ni kiwango cha chini kabisa ambacho mwenye mfumo ameamua betri isikivuke inapotoa umeme. Mimi hukiita sakafu. Betri yenyewe haijiwekei sakafu: ukiiachia itatoa mpaka ikauke. Kwa betri ya risasi, ile ya maji au ya jeli, mafundi wengi huiweka kwenye nusu, yaani asilimia 50. Betri ya lithiamu aina ya chuma-fosfeti huvumilia kutoa asilimia 80 ya chaji yake au zaidi, yaani sakafu yake inaweza kuwa asilimia 20 au chini.

Kwa nini nusu? Betri ya risasi ikitoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya bamba zake. Ukiichaji mapema, salfeti ile huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha chini siku kadhaa, chembe zake hukua na kuwa ngumu, na sehemu ile ya bamba haifanyi kazi tena. Kinachoua betri basi ni kina ilichoshuka pamoja na muda iliokaa huko chini. Joto la pwani nalo huongeza uchakavu: mafundi huhesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Betri ya gari ndiyo huumia haraka zaidi, maana bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kwa kuwasha injini.

Kukadiria kikomo hiki kwa hesabu kabla hujanunua kitu ni kama kuweka daftari la duka. Kila saa unaandika kilichokuwemo, unaongeza kilichoingia kutoka kwenye paneli, unatoa kilichotumika. Kinachoingia kikate kidogo, kwa sababu betri ya risasi hairudishi chote ulichoipa. Ukihesabu asilimia 85 hutakosea sana. Salio likigusa sakafu, hesabu inasimama na taa zinazimika.

Chukua kioski chenye betri ya volti 12, ampea-saa 200. Hiyo ni wati-saa 2,400, na sakafu ya nusu ni 1,200. Kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 5 usiku kuna taa za wati 20, runinga ya 30 na friji ndogo inayokula wastani wa 20: jumla wati-saa 350. Baada ya hapo inabaki friji na taa ya nje ya wati 5 mpaka asubuhi, wati-saa 175. Usiku mmoja unakula 525. Mchana wa mawingu mazito tuseme paneli ya wati 300 inatoa wati-saa 280, na friji pamoja na simu za wateja zinakula 300. Betri haipati kitu, tena inapoteza 20.

Sasa fuata daftari. Betri imejaa jioni ya kwanza, asubuhi ina 1,875. Jioni ya pili 1,855, asubuhi 1,330. Jioni ya tatu 1,310. Zimebaki wati-saa 110 tu juu ya sakafu, na matumizi ni wati 70. Saa moja na nusu usiku giza linaingia, taarifa ya habari ya saa mbili haijaanza.

Wengi wanaruka daftari na kutazama volti peke yake. Volti inadanganya. Betri ya risasi iliyopumzika ikisoma 12.2 iko karibu na nusu, lakini kompresa ya friji ikiwaka inaweza kushuka chini ya 12 kwa sekunde chache, kisha ikapanda. Ndiyo maana hata betri iliyokwisha "hufufuka" ukizima runinga. Manwell na McGowan wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walilieleza jambo hili mwaka 1993 kwa mfano wa mapipa mawili yaliyounganishwa kwa mrija mwembamba: unachota kwenye pipa moja, la pili linalijaza polepole. Ukichota kwa pupa, pipa la mbele linakauka wakati la nyuma bado lina maji. Kwa lithiamu ni vigumu zaidi, volti yake hukaa karibu palepale mpaka inapokaribia kuisha.

Jambo moja naliona mara nyingi na linaniuma. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia vifaa vya nyumbani kama runinga, hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji na kukata umeme betri ikishuka, haibebi ampea zake. Kontrola inakata kwenye volti 11 na ushee, inveta inangoja mpaka 10.5 hivi. Mwenye nyumba anaamini ana sakafu, kumbe runinga yake inapita mlango mwingine.

Kwenye kile kioski mimi ningeweka sakafu mbili. Salio likifika asilimia 60, runinga na friji zikatwe, zisirudi mpaka betri ipande juu ya 75. Taa ziendelee mpaka 50. Rudia daftari: usiku wa pili, kama saa saba na nusu, friji inazimika. Asubuhi kuna kama 1,418. Mchana wa mawingu sasa una simu tu, kwa hiyo betri inapata kitu na jioni inafika 1,605. Usiku wa tatu taa peke yake zinakula 135. Soda zina joto, lakini siku ya nne inapambazuka na wati-saa 1,470 kwenye betri, na taa ya nje haijazimika hata mara moja.