Gesijoto angani, hesabu mezani: dhana potofu kuhusu takwimu za mazungumzo ya tabianchi

Kila mwaka, kabla ya COP, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) hutoa taarifa yake ya gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani. Iliyotoka Oktoba 2025 ilionyesha kuwa mwaka 2024 wastani wa dunia wa kaboni dioksaidi ulifika sehemu 423.9 kwa milioni (ppm), methani sehemu 1,942 kwa bilioni, na naitrasi oksaidi 338.0 kwa bilioni. Kabla ya 1750, viwanda vikiwa bado, kaboni dioksaidi ilikuwa kama ppm 278. Namba hizi husambaa upesi, na tafsiri zake mbovu husambaa nazo.

Dhana: Utoaji wa gesi ukipungua, kiwango cha angani kitapungua papo hapo

Mwaka 2020 ndege zililala viwanjani na miji ikafungwa. Utoaji wa kaboni dioksaidi kutoka makaa ya mawe, mafuta na gesi ulishuka kwa takriban asilimia 5. Hata hivyo kiwango cha angani kiliendelea kupanda, kwa karibu ppm 2.5. Wapo waliodai kuwa hiyo ni ishara kwamba binadamu hahusiki.

Ukweli ni kwamba hivi ni vitu viwili tofauti. Mtu anayekopa dukani akichukua kidogo mwezi huu kuliko mwezi uliopita, deni lake kwenye daftari bado limeongezeka. Fanya hesabu: ppm 1 ni sawa na tani bilioni 7.8 za kaboni dioksaidi. Binadamu hutoa kama tani bilioni 41 kwa mwaka, ukijumlisha ukataji wa misitu. Zingebaki zote hewani, kiwango kingepanda kwa zaidi ya ppm 5 kila mwaka. Kinachopanda ni karibu nusu yake, kwa kuwa bahari na mimea hufyonza nusu nyingine. Sasa punguza tani bilioni 2, kama ilivyotokea 2020: nusu yake ni tani bilioni 1, yaani kama ppm 0.13. Tofauti hiyo haionekani kwa macho kwenye mchoro, maana mwaka wa El Niño (Bahari ya Pasifiki inapopata joto kuliko kawaida) peke yake, misitu ya tropiki inapokauka na kuungua, unaweza kusogeza ongezeko la mwaka kwa takriban ppm 1.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Kati ya 2023 na 2024 kaboni dioksaidi ilipanda kwa ppm 3.5, ongezeko kubwa kuliko yote tangu vipimo vya kisasa vianze 1957. Haina maana kuwa viwanda viliongeza moshi kwa kiasi hicho ndani ya mwaka mmoja. Moto wa misitu na udhaifu wa nchi kavu na bahari katika kufyonza vilichangia sana. Anayejadili sera atazame mwelekeo wa miaka kumi, si wa mwaka mmoja.

Dhana: Kila serikali hupima hewa yake, kisha huripoti

Hakuna nchi inayotundika kipimo mpakani. Ripoti zinazopelekwa Umoja wa Mataifa chini ya Mkataba wa Paris ni hesabu za mezani, zinazofuata miongozo ya 2006 ya IPCC, jopo la kisayansi la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi. Unachukua ukubwa wa shughuli (lita za dizeli, tani za saruji, idadi ya mifugo), unazidisha kwa kigezo cha utoaji, yaani kiasi cha gesi kinachotolewa na kila kipimo kimoja cha shughuli hiyo.

Chukua ng'ombe wasio wa maziwa. Kigezo cha msingi cha 2006 kwa Afrika ni kilo 31 za methani kwa ng'ombe mmoja kwa mwaka, itokanayo na kucheua. Ng'ombe milioni moja ni tani 31,000. Ili kuijumlisha na gesi nyingine, unazidisha kwa 28, uzito wa methani ukilinganishwa na kaboni dioksaidi kwa kipindi cha miaka 100, uliokubaliwa kwa ripoti za Paris. Unapata tani 868,000. Ukichagua kipindi cha miaka 20, kizidisho ni 84 na jibu linakuwa mara tatu, ilhali ng'ombe ni walewale. Kwa hiyo unapoona jumla yoyote ya “tani sawa na kaboni dioksaidi”, uliza kwanza kizidisho kilichotumika.

Hesabu hizi huharibika mahali panapojulikana. Sensa ya mifugo ni ya zamani, ikavutwa mbele kwa asilimia ya kukisia. Dizeli ya jenereta inahesabiwa mara mbili, kwenye nishati na kwenye viwanda. Mafuta ya ndege na meli za safari za kimataifa yanaingizwa kwenye jumla ya taifa, wakati yanapaswa kuandikwa pembeni. Na kosa linalotupata sana Afrika Mashariki ni la kuni na mkaa: kaboni dioksaidi yake haijumlishwi kwenye sekta ya nishati, huhesabiwa upande wa ardhi na misitu kama upungufu wa miti. Lakini methani na naitrasi oksaidi za moto uleule hubaki kwenye nishati. Asiyejua kanuni hii huhesabu mkaa mara mbili, au hauhesabu kabisa.

Kosa jingine ni kubadili kigezo mwaka huu bila kurudi nyuma. Maboresho ya IPCC ya 2019 yalipandisha kigezo cha ng'ombe wa Afrika. Nchi ikikitumia kwa mwaka wa mwisho tu, mchoro wake utaonyesha mruko ambao haukutokea malishoni. Mfululizo wote wa miaka hauna budi kupigwa upya.

Ripoti za kwanza za uwazi za kila miaka miwili, zinazobeba hesabu hizi chini ya Mkataba wa Paris, zilitakiwa kufika kabla ya 31 Desemba 2024. Nchi zenye maendeleo duni zaidi, zikiwemo Tanzania, Uganda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zina hiari katika muda wa kuwasilisha. Kenya haimo kwenye kundi hilo.

Dhana: Mauna Loa ni volkano, kwa hiyo vipimo vyake ni moshi wa volkano

Kituo cha Mauna Loa, Hawaii, kipo kwenye mwinuko wa mita 3,397, na mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima kaboni dioksaidi hapo Machi 1958, kiwango kikiwa kama ppm 313. Mwaka 2024 wastani wa hapo ulizidi 424. Gesi ya volkano ikishuka na upepo wa usiku hujulikana mara moja, kwa kuwa usomaji hurukaruka ndani ya dakika chache. Mchana upepo hupanda kutoka kwenye mimea ukiwa na kaboni pungufu. Saa za aina zote mbili huondolewa, zikabaki zile ambazo upepo umetulia na usomaji hautikisiki. Ncha ya Kusini, ambako hakuna mti wala volkano jirani, mstari wa mchoro unapanda kwa kasi ileile. Volkano ilipolipuka kweli, Novemba 2022, haikutia sumu kwenye takwimu: lava ilikata barabara na umeme, na upimaji ukahamia kwa muda mlima wa jirani, Maunakea.

Volkano zote za dunia, kwa njia, hutoa chini ya asilimia 1 ya kaboni dioksaidi inayotolewa na binadamu.

Dhana: Ukishanunua mashine nzuri, kazi imekwisha

Mashine ya leza ya kupimia gesi hewani husoma vizuri, lakini usomaji wake huhama kidogo kidogo. Hivyo kila kituo hupitisha mara kwa mara hewa ya mitungi ya alumini ambayo kiwango chake kinajulikana, na mitungi hiyo inafuata kipimo mama kinachotunzwa Boulder, Colorado. Lengo la WMO ni vituo vya kizio cha kaskazini kutotofautiana kwa zaidi ya ppm 0.1. Hewa hukaushwa kwanza, au unyevu wake hupimwa na kusahihishwa, la sivyo mvuke huchukua nafasi ya gesi nyingine na usomaji hushuka.

Kwingine hewa hukusanywa kwa chupa za kioo, mbili kwa mpigo. Mkusanyaji husimama upande upepo unakoelekea, mbali na gari, na huzuia pumzi anapofungua: pumzi ya mtu ina kama ppm 40,000. Chupa mbili zikitofautiana kwa zaidi ya ppm 0.5, jozi hiyo hutiliwa alama ya shaka.

Dhana: Hewa haina mpaka, kwa hiyo haiwezi kumtaja mkosaji

Inaweza, ila kwa masharti. CFC-11, gesi ya kutengenezea sponji za kuzuia joto ambayo pia ni gesijoto kali, ilipaswa kuwa imekoma kuzalishwa duniani kote ifikapo 2010 chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Stephen Montzka walitangaza kuwa kupungua kwake hewani kumesuasua tangu 2012. Mwaka uliofuata, vituo vya Gosan, Korea Kusini, na Hateruma, Japani, vilisaidia kufuatilia sehemu kubwa ya gesi hiyo hadi mashariki mwa China, hasa Shandong na Hebei. Mwaka 2021 ilithibitika kuwa utoaji huo umeshuka tena.

Kesi hiyo ilikuwa nyepesi kwa kuwa CFC-11 haina chanzo cha asili. Kaboni dioksaidi huvutwa na kutolewa na kila shamba na kila msitu, na kuichambua hadi ngazi ya nchi ni kazi ngumu. Hata hivyo Uingereza na Uswisi hulinganisha hesabu zao za mezani na vipimo vya hewa, hasa kwa methani na gesi za majokofu. Nionavyo, huo ndio ukaguzi ambao mazungumzo ya tabianchi yanauhitaji kuliko ahadi mpya.

Dhana: Setilaiti zimefanya vituo vya ardhini visihitajike

Setilaiti kama OCO-2, iliyorushwa 2014, husoma safu nzima ya hewa kwa mwanga wa jua unaoakisiwa. Haioni usiku, haioni chini ya mawingu, na bado husahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Bonde la Kongo lina mawingu sehemu kubwa ya mwaka.

Ndiyo maana vituo viwili vya ukanda wetu vina thamani kubwa kuliko ukubwa wake: cha Mlima Kenya, mita 3,678, kilichoanzishwa 1999, na cha Mlima Mugogo kaskazini mwa Rwanda, mita 2,590. Cha Mlima Kenya hutegemewa zaidi usiku, hewa safi ya juu inaposhuka, maana mchana upepo hupandisha hewa ya mashamba na misitu ya chini. Umeme ukikatika usiku, data inayopotea ndiyo ile inayotafutwa. Na mahali pasipo kituo kabisa, kielelezo cha kompyuta kinachokadiria gesi imetoka wapi hurudisha tu makadirio kiliyolishwa mwanzoni, yakiwa sasa na sura ya kipimo.