Je, wajua kwa nini zabibu ya Dodoma siku hizi inauzwa kabla haijakatwa?

Ukiwa Dodoma mwezi wa pili au wa tatu, halafu tena wa nane na wa tisa, fungua stetasi za WhatsApp asubuhi utaona picha ya vichala bado vinaning'inia shambani Hombolo au Mpunguzi huko, na chini mtu kaandika "Tunakata Alhamisi, wahi oda yako". Aliyezoea kuchagua tunda kwa mkono wake sokoni anaona kama anauziwa hewa. Lakini sababu ipo, na inaanzia kwenye tunda lenyewe.

Ndizi unaikata mbichi, unaipakia kwenye fuso, inaiva mbele ya safari. Embe nalo hivyohivyo. Zabibu haina huo ustaarabu. Ikishatengana na mti haiivi tena, utamu iliyokuwa nao wakati inakatwa ndio huohuo utaukuta mdomoni, maana sukari inatengenezwa na majani na inapitia kwenye kikonyo, ukikata kikonyo umefunga bomba. Kwa hiyo mkulima hana ujanja wa kuvuna mapema, inabidi asubiri iive kabisa, na ikishaiva sasa ndo presha inaanza, ndege wanashambulia, mvua ya Februari ikinyesha vibaya punje zinapasuka na ukungu unaingia, na akisema acha nikate tu kabla sijapata mteja basi kwa joto letu hili baada ya siku mbili tatu vikonyo vinakauka na punje zinaanza kudondoka zenyewe kwenye kreti. Chumba cha ubaridi kijijini nani anacho?

Na jambo lingine, Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu huku hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima ndo anauamsha mwenyewe kwa kupogoa. Nzuri kweli, ila maana yake wakulima wengi wa eneo moja wanapogoa karibu wakati mmoja na wanavuna wakati mmoja. Zabibu zinajaa ghafla. Zamani ukifika hapo ulikuwa na milango miwili tu, kiwanda cha mvinyo au mchuuzi mwenye pikapu. Kiwanda kikijaa kinakwambia subiri, na mchuuzi akiona kiwanda kimejaa anashusha bei mpaka unakosa la kusema, kwa sababu anajua na wewe unajua kwamba kesho kutwa mzigo huo hauna thamani.

Hapo ndo mtandao ulipoleta tofauti, na kwa maoni yangu watu wengi wanaielewa nusu. Wanasema mtandao unaleta wateja wengi. Sawa, ila kubwa zaidi ni kwamba umegeuza mpangilio wa kazi: unauza kwanza, unakata baadaye. Mkulima akiwa na oda za kilo 60 anakata kilo 60, zilizobaki anaziacha juu ya mti siku chache zaidi, na juu ya mti ndo sehemu zinakaa vizuri kuliko ndoo au kreti yoyote. Akiongea na mchuuzi siku hiyo hana haraka, na mtu asiye na haraka hapangiwi bei ovyo.

Sasa kwa nini stetasi na sio hizo apu kubwa za kuuzia vitu? Kwanza stetasi inajifuta baada ya masaa 24, kwa kitu kinachoharibika hiyo ni faida, hakuna mtu atakuja kukuulizia zabibu za mwezi uliopita. Pili, kwa kawaida huwezi kuona stetasi ya mtu mpaka yeye awe na namba yako na wewe uwe na yake, ndo maana kila muuzaji anakwambia "nisevu na mimi nikusevu". Watu wanaona usumbufu lakini huo ndo mlango wa uaminifu, wateja wake ni watu anaofahamiana nao, shangazi wa fulani, dada wa kwaya, mtu wa ofisi ile, na akikuletea zabibu chachu habari zinafika kwa wote kabla ya jioni.

Pesa ya simu ndo ilifungua njia mapema, M-Pesa ilianza hapa nchini 2008, kabla hata wengi wetu hatujashika simu janja. Mtu anatuma nusu ya kushikilia oda, nusu akipokea. Hiyo nusu inamsaidia mkulima kulipa vibarua wa kukata na kununua maboksi bila kukopa.

Usije ukadhani lakini kwamba mtu wa kati ameondoka. Hajaondoka, kabadilika. Oda nyingi unazoziona zinaendeshwa na dada au kijana wa mjini mwenye simu nzuri na bando, yeye hana hata mzabibu mmoja, anakusanya kwa wakulima watatu wanne, anapima, anafunga, anatafuta boda. Kuna watu wanamuita dalali kwa dharau, mimi sioni hivyo, kazi anayofanya inaonekana na jasho lake linaonekana. Tofauti na dalali wa zamani ni kwamba siku hizi mkulima naye ana simu na stetasi ya mjini anaiona, bei ya mjini hafichwi, kwa hiyo mkikaa kupanga kila mtu anajua mwenzake anapata nini. Na kwenye mtandao kila kitu kinauzwa kwa kilo. Lile jambo la lumbesa, gunia linajazwa mpaka linafungwa kilemba juu wakati sheria ya vipimo inasema lisizidi kilo 100, halina nafasi kwa mteja anayetaka kilo tatu na ana mizani ya kupimia nyumbani.

Usafiri ndo kisanga. Kilo mbili kutoka Hombolo mpaka mjini, kama kilomita 40 hivi, ukimlipa boda peke yako nauli inakaribia bei ya zabibu zenyewe. Kinachookoa ni kujumuisha. Tangu serikali ihamie Dodoma na ofisi zikajengwa Mtumba, kuna magrupu ya ofisini ambapo mtu mmoja anakusanya oda za wenzake kumi na tano halafu mzigo unakuja mara moja, bajaji moja, nauli inagawanywa hata haisikiki. Za Dar zinapanda basi la asubuhi pale stendi ya Nanenane, mteja anatumiwa picha ya risiti ya mzigo na namba ya gari anaenda kuzipokea jioni. Zifungwe kwenye boksi lenye matundu, mfuko wa nailoni uliofungwa zinatoka jasho na kuoza.

Kwa vitu visivyoharibika haraka shida ni nyingine kabisa. Asali ya Manyoni na Itigi, mafuta ya alizeti ya Singida, unga wa mtama, hivi vinaweza kukaa, hakuna haraka, kinachomsumbua mnunuzi ni kama ni halisi. Chukua asali: ikiganda watu wanapiga kelele "ameweka sukari", wakati asali safi kabisa inaganda yenyewe, hiyo ni glukosi inayojitenga, nyingine inaganda mapema nyingine inachelewa kutegemea nyuki walikula maua gani. Chupa iliyopangwa pembeni ya barabara haiwezi kukueleza hayo. Muuzaji wa mtandaoni anaweza, anakuwekea video ya kurina, anakuonyesha ilivyoganda, anakwambia weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi, usichemshe. Na alizeti iliyokamuliwa kwenye mashine ndogo kukuta mashapo chini sio ajabu, haijapita kiwandani kusafishwa. Mteja akielewa hivyo harudishi mzigo.

Kwa zabibu nako picha inasema mengi ukijua pa kuangalia. Usiangalie rangi ya punje, angalia kikonyo, kikiwa kijani zimekatwa juzi au jana, kikiwa kahawia kimekauka hizo zina siku zake. Ule utando mweupe juu ya punje watu wanaogopa ni dawa, mara nyingi ni nta ya tunda lenyewe, osha tu ule. Picha ambayo kila siku ni ileile, tena imepigwa kwenye bakuli la kioo na mwanga wa studio, mimi situmi hela, naomba video fupi ya leo shambani, muuzaji wa kweli hachukii kuombwa.

Wanaoachwa nyuma wapo. Mzee mwenye ekari mbili na simu ya kitochi hana stetasi, anategemea mjukuu, na mjukuu shule ikifungua anaondoka na simu yake, wateja nao wanahama naye. Vijiji vingine mtandao unapatikana mpaka upande kwenye jiwe. Na ekari nzima ya zabibu za mvinyo huwezi kuimaliza kwa oda za kilo mbili mbili hata uwe na wafuasi wangapi, hizo bado zinahitaji kiwanda, ila mkulima aliyekwisha kuuza robo ya shamba kwa watu wa mjini anafika getini kwa kiwanda akiwa na hela ya kula mfukoni, na foleni ya siku tatu haimlazimishi kukubali bei yoyote atakayotajiwa.