Moyo Ukipiga Ovyo: Muuguzi Huanza na Mgonjwa, Si Mashine

Malalamiko yanayotufikia kuhusu chumba cha dharura yanajirudia: muuguzi alimkandamiza mgonjwa kifua kwa nguvu, jamaa wakatolewa nje, daktari hakungojewa. Yote matatu ni kweli, na yote matatu ndiyo utaratibu.

Moyo ukivurugika hadi ukashindwa kusukuma damu, mgonjwa huzimia ndani ya sekunde chache. Kila dakika inayopita bila huduma, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Muuguzi humwita mgonjwa, hutazama kama anapumua, hushika mshipa wa shingo kwa muda usiozidi sekunde 10. Monita, ile skrini inayoonyesha mapigo ya moyo, husaidia, ila waya ukichomoka kifuani itachora mstari mnyoofu huku mgonjwa anaomba maji.

Asipopata mapigo, anaita wenzake na kuanza kubonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke sentimita 5 hadi 6. Ndiyo, mbavu huweza kuvunjika. Mbavu huunga. Mashine ya kushtua moyo ikifika, pedi zinabandikwa, oksijeni inasogezwa kando, na wote wanaambiwa waachie kitanda, jamaa pia. Baada ya umeme kifua kinabonyezwa tena papo hapo, dakika 2 nzima, ndipo mapigo yanaangaliwa upya.

Na tafadhali, hili tulimalize: moyo uliosimama kabisa haushtuliwi, filamu husema visivyo. Umeme hutuliza moyo unaotetemeka ovyo. Uliozima unahitaji kubonyezwa, dawa ya adrenalini, na chanzo kutafutwa.

Kila shtuko na kila dozi huandikwa kwa saa yake na jina la aliyetoa. Muuguzi asiyeandika anaweza kutakiwa kujieleza na kuchukuliwa hatua za kinidhamu. Mwenye malalamiko naye aandike tarehe, saa na wodi, apeleke kwa uongozi wa hospitali. Video ya simu iliyosambazwa kwenye makundi si malalamiko, na inamvunjia mgonjwa heshima.

Anayetoka visiwa vya Kojani au Makoongwe, huko Pemba, ana safari ya chombo kwanza. Mtu akianguka, haitiki wala hapumui vizuri, anzeni kubonyeza kifua hapo hapo huku msaada ukitafutwa. Msimpe maji ya sukari. Njooni na dawa zake, hasa za moyo na za kupunguza maji mwilini, kwani hizi za kupunguza maji zinaweza kushusha madini ya potasiamu mwilini na kuvuruga mapigo. Leteni pakiti yenyewe. “Vile vidogo vyeupe” hatuvijui.