Mtoto Kachubuka, Analia: Maswali Tunayoulizwa Zahanati

Mchubuko ni nini hasa?
Ni ngozi ya juu kukwaruzika, mara nyingi gotini, kwenye kiwiko au kiganjani. Damu hutoka kidogo na kukoma yenyewe. Huo unautibu nyumbani. Jeraha lililoachama, damu isiyokoma baada ya kukandamizwa kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, msumari uliozama mguuni, au kung'atwa na mnyama: hayo yaleteni kituoni mara moja.

Nianze na nini?
Nawa mikono. Kisha osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida mpaka mchanga wote utoke. Atalia, endelea taratibu. Paka mafuta ya mgando safi kiasi kidogo, funika kwa plasta au bandeji, badilisha kila siku na kila ikilowa.

Halafu nifungue kapsuli ya antibiotiki (dawa ya kuua bakteria) nimwagie unga wake kidondoni?
Hapana. Magoti ninayoletewa mara kwa mara yana gamba la manjano lililokauka kama udongo, na mzazi ananiambia, "Lakini nesi, nilimwekea dawa." Nikililowesha gamba lile na kulibandua, chini yake usaha unamwagika. Ule unga haukutibu kitu. Ulifunika uchafu, ukamfanya mzazi akae nyumbani siku kadhaa akiamini mtoto yuko kwenye dawa. Kapsuli ni ya kumeza, tena kwa aliyeandikiwa. Unga wake kidondoni unaweza kuleta mzio na kuchangia usugu wa dawa, yaani vimelea kuizoea dawa isiviue tena.

Mbona jirani hutumia na wanawe hupona?
Wangepona hata bila kapsuli. Mchubuko mdogo mwili huuponya wenyewe ukiwa safi. Jibu langu bado ni hapana: ya rangi mbili, ya rangi moja, iliyobaki ya baba, zote hapana.

Na dawa ya meno, mafuta ya taa, majivu, kinyesi cha ng'ombe?
Achaneni navyo. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Udongo na kinyesi hubeba vimelea vya pepopunda. Spiriti nayo huwasha bure na kuumiza nyama changa.

Pepopunda nitaikinga vipi?
Tazama kadi ya kliniki. Chanjo ya Penta, sindano moja ya kukinga magonjwa matano, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tangu kuzaliwa, na kinga ya pepopunda imo humo. Kama dozi hazikukamilika, au kadi imepotea, mlete siku hiyo hiyo aliyoumia.

Analia hanyamazi. Nifanyeje?
Mpakate kwanza. Mweleze unachofanya: "Naosha sasa, itawasha kidogo, kisha nafunika." Usimdanganye kwamba haitauma, maana kesho hatakuamini. Mpe plasta aishike. Maneno ya "mwanaume halii" na kofi la "si nilikukataza kukimbia" tuyaache, jamani. Mtoto anayepigwa kwa kuanguka huficha kidonda kinachofuata. Nimeshavua soksi ya shule iliyogandana na kidonda kinachonuka, mama yake akiapa kwamba hakujua. Kweli hakujua, mtoto alikuwa anaogopa kusema.

Kilio kisikutishe. Aliyegonga kichwa kisha akasinzia isivyo kawaida, akatapika tapika au akazimia, huyo ndiye wa kukimbiza hospitali.

Kidonda nikilete lini?
Wekundu ukisambaa, pakivimba, pakiwa na joto au usaha, mtoto akipata homa, au maumivu yakizidi badala ya kupungua. Siku hiyo hiyo, si baada ya kujaribu kapsuli nyingine. Na kama ulishamwaga unga, usiukwangue nyumbani. Njoo nao hivyo hivyo, ulete na karatasi ya dawa. Sitakugombeza, nahitaji kujua ni dawa gani kabla sijampa nyingine.