Guts si mshenzi tu, na hukukosa kurasa: yanayosemwa kuhusu juzuu ya kwanza ya Berserk

Binamu yangu alikaa na juzuu ya kwanza ya Berserk, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) yenye juzuu nyingi, siku mbili, akairudisha na maneno matatu: "Jamaa ni mshenzi." Simlaumu. Mimi mwenyewe nilipozifikia kurasa za mwanzo nilifunga kitabu kwanza, nikatazama kama mama yuko karibu. Kentaro Miura anafungua hadithi yake kwa mwanamume aliyelala na mwanamke porini usiku. Mwanamke anageuka dude lenye meno. Mwanamume anamtia mkono wa chuma mdomoni, na ndani ya mkono huo kuna mzinga. Unalipuka. Kisha anaendelea na safari yake kama aliyeua mbu. Hiyo ndiyo karibu unayopewa mlangoni.

Tangu hapo nimesikia maoni mengi kuhusu kitabu hiki kimoja, ya waliokitupa na ya wanaokiabudu. Mengine yana haki yake. Mengine yamejengwa juu ya jambo ambalo halimo kitabuni. Nitayapitia hapa, ila ujue nitafichua mambo mpaka mwisho wa juzuu ya tatu. Kama hutaki, ishia hapa, kasome kwanza.

"Guts hana utu"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ushahidi wake upo wa kutosha. Guts, ndiye yule mwanamume wa kurasa za mwanzo, anayeitwa pia Mpiganaji Mweusi, anaingia mji wa Koka akiwa na upanga mrefu kuliko mtu na roho inayonuka damu. Anamwokoa Puck, kijimtu chenye mabawa kilichokuwa kikiteswa na wahuni kilabuni, na akishukuriwa anajibu kwa kejeli. Watu wanakufa kwa sababu ya vita vyake na yeye hababaiki. Msimamo wake ni kwamba ukiogopa kumkanyaga kila sisimizi hutatembea. Akimshika yule bwana mwenye umbo la nyoka anayekula watu wa mji, hamuui haraka. Anamtesa, akimhoji waliko wale anaowasaka.

Sasa tazama sura ya pili, ile ya Alama. Mvua inanyesha, padri mmoja mzee na binti yake wanampa Guts lifti kwenye mkokoteni wao. Wema mtupu. Usiku mizimu inafika, kwa sababu shingoni mwa Guts kuna alama inayotoa damu na kuwaita wafu kila giza linapoingia. Kukicha, mzee amekufa, binti amekufa, na binti huyo alikufa mara mbili, kwa sababu maiti yake iliinuka na Guts akalazimika kuikata. Kosa lao lilikuwa moja tu: kumpa mtu lifti.

Ukishaisoma sura hiyo, rudi kwenye ile ya kwanza. Matusi yale, kejeli ile, ule ubaridi kwa Puck, vinasomeka kama kibao cha "Mbwa Mkali" getini. Mtu anayejua kwamba kila anayemkaribia atakufa usiku ana sababu nzuri ya kuwa na mdomo mchafu mchana.

Lakini nisimtakase kupita kiasi. Wapo mashabiki wanaosema ukatili wote ule ni ngao, chini yake kuna malaika. Hapana. Guts wa juzuu ya kwanza anafurahia kuumiza. Ukimtazama uso anapomhoji yule nyoka, ni uso wa mtu anayestarehe. Kosa la wasomaji wengi ni kudhani mwandishi haoni hivyo, au kwamba anatutaka tumshangilie. Ndiyo maana Puck yupo. Puck ana uwezo wa kuhisi yaliyo moyoni mwa wengine, na kazi yake katika kitabu kizima ni kuuliza kile ambacho msomaji anauliza: wewe mtu, una nini? Wanaosema Puck ni kichekesho kilichobandikwa hadithini wanamsema Puck wa baadaye, aliyechorwa kama njugu yenye macho. Huyu wa mwanzo ndiye anayemkemea shujaa, na ndiye anayemtibu kwa unga wa mabawa yake.

Jibu la Puck linakuja juzuu ya tatu. Kabaila, mtawala pepo aliyekuwa akiutesa mji mwingine, ameshakufa, binti yake Theresia amebaki peke yake na anataka kufa. Guts anamtolea maneno ya hovyo kabisa. Binti, kwa hasira, anaapa kwamba siku moja atamuua. Guts anacheka, anageuka na kuondoka, na Puck peke yake ndiye anayeuona uso wake. Analia. Amempa mtoto yule kitu pekee alichonacho cha kumfanya mtu aamke kesho, yaani chuki, kwa sababu na yeye anaishi kwa hiyo hiyo. Ukiiishia juzuu ya kwanza, huo uso huuoni.

"Kuna juzuu iliyotangulia, mimi nimekosa kurasa"

Hukukosa kitu. Juzuu ya kwanza ndiyo ya kwanza kweli, iliyotoka Japani Novemba 1990. Hadithi imeanzia katikati kwa makusudi: mkono umeshakatika, jicho limeshatoka, alama imeshachapwa shingoni, na hakuna anayekueleza kwa nini. Maelezo yanaanza mwishoni mwa juzuu ya tatu, Miura anaporudi nyuma mpaka kuzaliwa kwa Guts, na huko nyuma anakaa karibu mpaka juzuu ya 14. Ni urejeo mrefu kuliko hadithi nzima za watu wengine.

"Ruka tu, anza na Enzi ya Dhahabu"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na ndio unaoniudhi kuliko yote. Enzi ya Dhahabu ni ile sehemu ya urejeo: Guts kijana, kikosi cha askari wa kukodiwa, na Griffith, kiongozi mzuri wa sura ambaye kila mtu angemfuata mpaka motoni. Ni sehemu tamu zaidi, sikatai. Filamu tatu za mwaka 2012 na 2013 zilianzia huko moja kwa moja, na wengi wameingilia mlango huo. Anime (katuni ya runinga) ya mwaka 1997 ilijua zaidi: kipindi chake cha kwanza kati ya 25 ni Mpiganaji Mweusi, ndipo inarudi nyuma.

Ukiruka unapoteza mambo mawili. La kwanza ni hofu. Aliyesoma juzuu tatu za mwanzo anaingia Enzi ya Dhahabu akijua kwamba wote hawa wanaocheka kambini kuna jambo litawapata, na kwamba Griffith anayemshika Guts bega leo ndiye atakayekuwa mmoja wa Mkono wa Mungu, wale pepo wakuu watano ambao Guts anawasaka. Kila utani wao unauma. Aliyeruka anasoma hadithi ya vita na urafiki, halafu anashtukizwa.

La pili ni sheria ya mchezo. Katika juzuu ya tatu Kabaila, akiwa hoi, anaambiwa na Mkono wa Mungu kwamba anaweza kuokoka akitoa kafara. Kafara haiwi mtu yeyote tu, lazima awe yule unayempenda kama sehemu ya nafsi yako. Anaonyeshwa binti yake. Jitu lile lililokula watu, lililokata vichwa vya raia kwa kisingizio cha kusaka wazushi wa dini, linashindwa kusema neno. Linakataa, linaburutwa kuzimu. Kisha unasoma juzuu kumi nyingine na kumkuta Griffith mbele ya swali lile lile. Bila Kabaila, jibu la Griffith unalisoma nusu.

Kwa hiyo mimi nasema juzuu ya kwanza haikuandaliwa kusomwa peke yake. Simulizi la Kabaila linaanza mwishoni mwake na linakatika njiani. Wachapishaji wa Marekani, Dark Horse, walipotoa toleo kubwa la jalada gumu mwaka 2019, waliziweka juzuu tatu ndani ya kitabu kimoja, na kwa bahati nzuri mpaka wa kitabu hicho ukaangukia karibu kabisa na mpaka wa hadithi. Kumhukumu Guts kwa juzuu moja ni kama kutoka msibani kabla hujajua nani amefariki.

"Miura alikuwa amepanga kila kitu tangu siku ya kwanza"

Hii ni dhana ya mashabiki, si ya wapinzani. Inapendeza lakini si kweli. Kabla ya mfululizo wenyewe kulikuwa na hadithi fupi ya kurasa 48 ya mwaka 1988, ambayo kijana Miura alishindania tuzo. Guts yumo, upanga umo, Griffith hayumo. Mfululizo ulipoanza mwaka 1989 Miura alikuwa na umri wa miaka 23, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alianza na sura ya mtu wa kisasi, kisasi cha nini akaja kukitafuta. Mimi naona hilo linamwongezea heshima. Alijichorea deni kubwa, jicho moja na mkono mmoja, kisha akakaa miaka kulilipa.

"Picha zake za kawaida tu, mbona zinasifiwa?"

Anayesema hivi hajakosea sana. Aliyeonyeshwa kwanza michoro ya juzuu za 20 na 30, ile ambayo kila kipande cha deraya kina mkwaruzo wake, akifungua juzuu ya kwanza atahisi ameuziwa mtumba. Nyuso ni za miaka ya themanini, misuli imefura, mandhari ya nyuma mara nyingine ni tupu. Ni kazi ya mtu aliyekuwa anajifunza mbele ya macho yetu. Hata hivyo angalia uzito wa upanga. Guts haufyatui kama fimbo. Anauvuta, mgongo unajipinda, kisha mtu na farasi wake wanatengana. Hilo alikuwa nalo tayari.

"Katuni za upanga mkubwa? Ameiga michezo ya video"

Kinyume chake. Vijana waliocheza Dark Souls, iliyotoka 2011, au Final Fantasy VII ya 1997, wakimwona Guts wanadhani ni mwizi. Guts alikuwa anabeba lile bamba la chuma tangu 1988, na waliotengeneza Dark Souls hawajawahi kuficha wanampenda nani.

"Ni kitabu cha kishetani"

Nimelisikia hili kwa watu wazima waliochungulia simu ya kijana. Mapepo yamo, tena wengi, na tatizo la lugha linaongeza chumvi: viumbe wale kwa Kijapani wanaitwa jina lenye maana ya mitume, na ukilitafsiri hivyo hivyo kwa Kiswahili umezua ugomvi sebuleni. Ndiyo maana mimi nasema mapepo, nalala salama. Ila kitabu kinachomwonyesha pepo kama mtu aliyeuza wapendwa wake apate nguvu, halafu kikamtuma mtu mwenye upanga kumwinda, sijui kinamhubiri shetani kwa njia gani.

Ambalo mzazi anapaswa kulijua ni rahisi zaidi: si kitabu cha watoto. Kijapani kazi hii iko kwenye kundi linaloitwa seinen, yaani manga za wanaume watu wazima, na gazeti lililoibeba tangu 1992, Young Animal, halikuwahi kujifanya la shule. Kuna ubakaji humu, kuna watoto wanaokufa, kuna uchi. Na kuna jinsi miili ya wanawake inavyochorwa katika juzuu hizi za mwanzo ambayo hata sisi tunaoipenda kazi hii tunaipitia haraka. Binamu yangu ana miaka 24. Angekuwa na 14 nisingemwazima.

"Mwandishi amekufa, haina mwisho, ya nini kuanza"

Miura alifariki Mei 6, 2021, akiwa na miaka 54, kwa kupasuka mshipa mkuu wa moyo. Nusu ya dhana hii basi ni kweli, na siku habari ilipotangazwa sikusoma kitu kingine. Lakini Juni 2022 mfululizo ulirudi, ukichorwa na wasaidizi wake wa Studio Gaga chini ya Kouji Mori, mchora manga na rafiki yake tangu sekondari, ambaye Miura alikuwa amemsimulia hadithi yote mpaka mwisho karibu miaka 30 kabla. Mori aliahidi kutoandika ila yale aliyoyasikia kwa rafiki yake.

Binamu nimempa juzuu ya pili na ya tatu kwa pamoja, zimefungwa mpira. Mpaka leo hajazirudisha.