"Nina Roho Mtakatifu, sihitaji mwalimu"

Hapa Ujiji utamsikia mtu akijitapa hivyo, kidole kikiwa kwenye 1 Yohana 2:27. Lakini soma vizuri: "wala hamna haja ya mtu kuwafundisha." Hamna, si huna. Yohana anaonya kundi zima juu ya wapotoshaji, na barua yenyewe ni mafundisho!

Katika Matendo 8, Mwethiopia anasoma Isaya garini, haelewi. Roho hakumnong'oneza maana, alimtuma Filipo amweleze.

Juzi jumuiyani tulisoma mfano wa juya, wavu unaokusanya samaki wa kila aina, Mathayo 13. Mama mmoja muuza dagaa akasema: "Majini usiku huchagui, baba. Unachagua ukishavuta nchi kavu." Mfano huo nimeuhubiri mara mbili, hilo sikuliona.