Saratani ya kinywa iliyofika mbali, bila upasuaji: nini huamua urefu wa maisha?

Kwa nini wagonjwa wengine hawapasuliwi?

Upasuaji ndiyo tiba ya kwanza ya saratani ya kinywa, hata ya hatua ya tatu na ya nne, ilimradi uvimbe unaweza kutolewa wote. Haiwezekani pale uvimbe unapouzunguka mshipa mkuu wa damu wa shingoni au kupenya hadi chini ya fuvu. Wengine moyo au mapafu yao hayahimili upasuaji wa saa nyingi, na wapo wanaokataa wenyewe. Kwa hiyo ukisikia kwamba wasiopasuliwa huishi muda mfupi zaidi, usidhani ni kukosa kisu tu: wengi wao walikuwa na hali mbaya tangu mwanzo.

Wanatibiwa kwa nini basi?

Kwa kawaida ni mionzi, grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zinazogawanywa kwa vipindi 35, siku 5 kwa wiki, karibu wiki 7. Mwenye figo na masikio mazima huongezewa dawa ya cisplatin kwa njia ya mshipa, ambayo huzifanya seli za saratani zidhurike zaidi na mionzi. Faida ya kuongeza dawa hupungua kadiri umri unavyopanda, na baada ya miaka 70 ni vigumu kuiona.

Ugonjwa wenyewe una uzito gani?

Mkubwa. Madaktari huangalia ukubwa na kina cha uvimbe, kisha tezi za shingo: ngapi zimeingiliwa, za upande mmoja au zote mbili, na kama saratani imetoboa ganda la tezi. Tezi zikishaingiliwa, uwezekano wa kupona hushuka sana. Ikifika kwenye mapafu, lengo huwa kurefusha maisha na kutuliza maumivu. Huenda umesikia kwamba saratani inayotokana na virusi vya HPV hutibika vizuri zaidi. Ni kweli, lakini hiyo ni ya koo, nyuma ya ulimi na kwenye tonsili. Ya kinywani haipati nafuu hiyo.

Nikiruka siku chache za mionzi, kuna neno?

Lipo, tena hili ndilo ningependa kila familia ilijue. Baada ya wiki kama nne za tiba, seli za saratani zilizobaki huanza kuzaliana kwa kasi zaidi. Kila siku tiba inayorefuka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia moja au zaidi kidogo. Wiki nzima ikipotea, si jambo dogo.

Wengi hukatisha katikati ya tiba, wakati mdomo umejaa vidonda na hata mate hayamezeki. Mgonjwa husema, "Nipumzike kwanza." Maumivu hayo yana dawa, hata morfini, na chakula kinaweza kupita kwa mpira wa puani au wa tumboni. Mpira huo huwatisha watu kuliko unavyostahili. Mara nyingi ni wa muda tu. Kama siku imepotea kwa sababu ya mashine au sikukuu, uliza: inaweza kufidiwa Jumamosi, au kwa vipindi viwili siku moja vilivyoachana saa 6 au zaidi.

Mwili wa mgonjwa je?

Mionzi hufanya kazi vizuri zaidi palipo na oksijeni. Ndiyo maana upungufu wa damu huendana na matokeo mabaya, na anayeendelea kuvuta sigara wakati wa tiba huipunguzia nguvu. Kuacha sigara hata siku ya kwanza ya mionzi bado kuna maana. Kukonda sana nako ni hatari, hivyo uzito upimwe kila wiki. Meno mabovu yang'olewe kabla ya kuanza, na fizi zipewe wiki mbili hivi zipone, kwa sababu kung'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kuuozesha mfupa.

Tutajua lini kama imefaulu?

Kipimo cha picha hufanywa miezi mitatu hivi baada ya mionzi kuisha. Kabla ya hapo kuvimba kunakoletwa na tiba yenyewe huchanganya picha. Saratani nyingi zinazorudi hurudi ndani ya miaka 2, hivyo kliniki za kipindi hicho zisirukwe. Ikionekana mapema kwamba kuna iliyobaki, baadhi ya wagonjwa ambao mwanzoni hawakuweza kupasuliwa sasa huweza.